Mtopetope wa Uinamo

Msiitafute nchi ya Uinamo kwenye ramani. Wachora ramani walipofika pale waliambiwa wainame, na mtu aliyeinama hana cha kuchora zaidi ya vidole vyake vya miguu. Lakini nchi ipo, na fundi Nkwabi alifika huko akiwa na cherehani yake ya mkono kichwani, futi shingoni na njaa tumboni. Alifikaje, hilo tumwachie mwenyewe. Sisi tuanzie pale alipouona mtopetope.

Ulikuwa mtopetope-mwitu kama ile inayojiotea mbugani kwao, kijiti chenye matawi ya ovyoovyo, majani mapana ya kijivu na matunda yenye vinundu yaliyoiva mpaka yakawa na rangi ya chungwa. Harufu yake tamu ilikuwa imeshamfikia tangu mbali. Nkwabi kwao aliitwa Kifupi tangu shuleni hadi siku ya harusi yake, na mti ule ulimfikia kwenye nyusi. Mtu wa kawaida ungemfikia kidevuni. Kilichomshangaza ni mawe yaliyopakwa chokaa kuuzunguka, bendera nne, na ngazi ya vidato vitatu iliyosimamishwa kando yake.

Akaweka cherehani chini, akanyosha mkono achume. Mkono ukapigwa kofi.

“Inama kwanza,” alisema mwanamke aliyempiga. “Kuamkiana baadaye.”

Nkwabi akainama. Mwanamke mwenyewe alikuwa ameinama tangu zamani, uso wake ukitazama magoti, na alizungumza bila kuinua kichwa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

“Ulitaka kufanya nini, mgeni?”

“Kuchuma topetope, mama. Nina njaa.”

“Kwa mkono? Huu ni Mti Mrefu, hakuna mti ulimwenguni unaoupita. Utayafikia wapi matunda yake bila ngazi?”

“Nilikuwa nimeshayafikia, mama.”

“Hukuyafikia,” alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo. “Tafadhali, mwanangu, sema hukuyafikia.”

Nkwabi aliona kwamba mama yule alikuwa na hofu ya kweli, basi akasema hakuyafikia. Hapo ndipo wakaamkiana. Jina lake Nyanzobe, lakini wote walimwita Mama Mbuke. Aliposikia kwamba mgeni ni fundi cherehani alimshika mkono ule ule aliouchapa, akampeleka nyumbani kwake akampa uji. Binti yake Mbuke alikuwa anaolewa baada ya wiki moja, na gauni lilikuwa halijapata mtu wa kulishona.

Sheria ya Uinamo, kama Nkwabi alivyoelezwa akiwa anakunywa uji ule, ni moja tu, nyingine zote ni watoto wake. Hakuna kiumbe kitakachozidi Mti kwa urefu. Kwa kuwa Mti ulimfikia mtu wa kawaida kidevuni, watu wa kawaida waliinama. Waliinama shambani, sokoni, hata nyumbani mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu mgongo ukizoea raha ya ndani utajisahau nje. Akionekana mtu amesimama juu ya usawa wa Mti, huyo huitwa mzidi. Mzidi huvushwa ng’ambo ya kijito cha mpakani na harudi tena.

“Baba yake Mbuke alipiga chafya,” alisema Mama Mbuke. “Siku ya sikukuu, mbele ya watu wote. Chafya ilimjia ghafla, ikamnyosha. Wakamvusha siku ile ile. Mbuke alikuwa bado ananyonya.”

Alisema hivyo huku akikoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Tabu ilikuwa kwamba Mbuke alimrithi baba yake. Nkwabi alipomwambia asimame apimwe, msichana alijikunjua polepole, na futi ikaenda juu mpaka fundi akaomba kigoda. Na desturi ya ndoa ya pale ni kwamba bibi harusi hupanda ngazi, huchuma topetope moja, hushuka, kisha husimama ubavuni mwa Mti huku Mkuu wa Urefu akilaza fimbo kutoka kileleni mpaka utosini kwake. Fimbo ikikaa sawa au ikiteremkia kwa bibi harusi, wanakula lile tunda na bwana harusi, ndoa imefungwa. Fimbo ikipandia kwake, hakuna ndoa, na kijito kinamngoja.

“Kuinama kwa kawaida hakutamtosha,” alisema mama. “Kwa hiyo nataka gauni la marinda, pana sana huku chini. Apige magoti nusu ndani yake, pasijulikane. Utaweza?”

“Gauni naliweza,” alisema Nkwabi. “Magoti ni yake.”

Mbuke akacheka, mama yake akamkanya. Bwana harusi, Luhende, alikuwa kijana mwema wa kimo cha kati, na Mbuke alimpenda. Hilo lilimwumiza mama kuliko yote. Angekuwa anaozwa kwa nguvu, kuvushwa kijito kungekuwa afadhali.

Nkwabi akafungua cherehani yake barazani, na kabla ya gauni kazi nyingine zikaanza kumiminika. Aligundua mapema kwamba nguo za Uinamo hukatwa nyuma ndefu na mbele fupi, maana ndivyo mwili ulioinama unavyodai. Aligundua pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa heshima kubwa pale. Kwao ufupi ulimletea utani. Huku alihitaji kuinamisha kichwa kidogo tu na tayari alikuwa ndani ya sheria. Wazee walimsifu. Walisema ni nadra kumpata mgeni mwenye maadili kama yake. Nkwabi hakukataa sifa hizo, na siku ya pili alianza kutembea kwa maringo kidogo.

Mkuu wa Urefu, Bwana Lutonja, alikuja mwenyewe na kanzu yake ili ishonwe. Alikuwa amekunjika kuliko raia wote, ndevu zake zikifagia magoti, na alikaribishwa kwa kigoda kifupi sana.

“Naomba kuuliza, Mheshimiwa,” alisema Nkwabi. “Sheria hii ilianzaje?”

“Kwa shukrani,” alijibu Lutonja. “Babu aliyeianzisha nchi hii alikimbizwa na adui wakati wa njaa kuu. Alijificha chini ya Mti huu siku kumi na mbili, akala matunda yake akapona. Alipotoka alisema, ‘Hakuna mkubwa kuliko huyu kwangu.’ Sisi wajukuu tumeyatekeleza maneno yake.”

“Pengine alisema ukubwa wa wema tu, Mheshimiwa.”

“Wema haupimiki kwa fimbo,” alisema Lutonja kwa upole wa mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi. “Urefu unapimika. Serikali haiwezi kusimamia kitu kisichopimika.”

Kisha akamweleza kazi za Baraza. Mwaka ule walikuwa wameshughulikia mambo mawili mazito. La kwanza ni twiga aliyepita karibu na Mti mchana, watu wakamwona. Baraza lilijadili siku tisa. Upande mmoja ulitaka twiga avushwe kijito, upande wa pili ukauliza ni nani atakayemshika. Mwishowe iliamuliwa kwamba kile hakikuwa mnyama. Lilikuwa wingu lenye madoa. La pili ni mbuzi, ambao husimama kwa miguu ya nyuma wakatafuna machipukizi ya kileleni. Kwa kuwa kileleni hakufikiki, mbuzi waliandikishwa kuwa ndege. Nkwabi alikumbuka kwamba usiku uliopita alipewa mchuzi wa ndege wenye mifupa mikubwa mno.

“Na anayepanda ngazi je, Mheshimiwa? Si anauzidi Mti?”

“Ngoma hulia, sote tunafumba macho. Lisiloonekana halijatokea. Akishafika chini husema ‘Nimeshuka’, ndipo tunafumbua. Hakuna aliyewahi kufumbua kabla ya neno hilo. Huo ndio uungwana wa watu wetu.”

Akaacha kanzu yake akaenda zake, akitazama miguu.

Nkwabi alipoitandaza kanzu mezani alikuta imefumuka mabegani, upande wa mbele, mshono wote. Si kanzu hiyo peke yake. Nguo zote alizoletewa, za wanaume kwa wanawake, zilikuwa zimefumuka pale pale. Kila mwenye nguo alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema alijikwaa, mwingine mbuzi alimvuta, yaani ndege. Fundi alikuna kichwa. Mtu aliyeinama huchana nguo mgongoni, hilo hata mwanafunzi wa cherehani analijua. Mbele hulegea tu. Ni kitu gani kilikuwa kinazivuta nguo hizi mbele?

Siku tatu kabla ya harusi, balaa likaingia. Ndege, yaani mbuzi, walivamia mawe ya chokaa asubuhi wakala kilele chote cha Mti. Walipofukuzwa, Mti ulikuwa umepungua shibiri nzima.

Baraza lilikutana papo hapo. Kwamba Mti umepungua lilikuwa jambo lisilowezekana, kwa hiyo halikujadiliwa. Lililojadiliwa ni jinsi wananchi walivyorefuka shibiri moja bila kibali. Mzungumzaji mmoja alilaumu mahindi mapya. Mwingine alilaumu vijana. Tangazo likapigwa kwamba kila mtu ajirudishe mwenyewe kwa hiari kabla ya harusi, na Uinamo yote ikashuka shibiri moja, vigimbi vikitetemeka. Hata Nkwabi safari hii ilimbidi akunje mgongo hasa, na maringo yakamwisha.

Mama Mbuke hakulia kwa sauti. Aliingia ndani na gauni lililokwisha kushonwa, akalipima kwa binti yake, akamwambia ashuke magoti. Mbuke akashuka. Shuka tena. Akashuka tena. Sasa tembea. Mbuke akajaribu hatua mbili, akaanguka kifudifudi ndani ya marinda yote yale, na kicheko chake kikakatika katikati. Mama akakaa chini karibu naye.

“Basi,” alisema. “Nitakufungashia vitu vyako mapema. Baba yako hatukumfungashia kitu.”

Nkwabi alikuwa mlangoni na pini zake mdomoni. Alikuwa na mabinti wawili kwao, wote wafupi, na hakuwahi kumshukuru Mungu kwa hilo mpaka saa ile. Alitaka kusema neno la kufariji lakini hakuwa nalo, hivyo alisema alichokuwa nacho, habari ya mishono.

“Mama, kuna kitu kinanisumbua tangu nifike. Nguo zenu zinafumuka mbele. Zote. Kanzu ya Mkuu wa Urefu ndiyo imefumuka kuliko zote. Mtu akiinama hawezi kuchana pale, hata akiinama mwaka mzima.”

“Tuna msiba, fundi, na wewe unatuletea habari za uzi,” alisema mama.

Lakini Mbuke alikuwa ameinua kichwa kutoka sakafuni. Alimtazama fundi, akatazama bega la mama yake, ambalo lilikuwa na kiraka kipya. Mama akalifunika haraka kwa khanga.

“Na wewe, mama?” aliuliza Mbuke.

“Nilijikwaa,” alijibu mama.

Siku ya harusi ilikuwa ya jua safi. Watu walijaa kuzunguka mawe ya chokaa, wameinama kiasi kwamba kwa mbali mtu angedhani wote wanapalilia. Luhende alisimama mbele, kama kule kunaweza kuitwa kusimama, jasho likimtoka puani. Mbuke alikuja akiburuza magoti ndani ya gauni, mama yake akimshika mkono, mwendo ambao ulichukua muda mpaka mpiga ngoma akaanza kukohoa. Bwana Lutonja alikuwa na fimbo yake tayari. Alikuwa mtu wa haki. Alishautoa mtumbwi mdogo uwekwe kijitoni, ili mambo yakienda vibaya msichana asilowe.

Mbuke alikanyaga kidato cha kwanza. Ngoma ikalia. Uinamo yote ikafumba macho, na Nkwabi akafumba pia, kwa kuwa alikuwa mgeni mwenye maadili.

Hapo akasikia kitu. Kilikuwa kitu kidogo, ambacho sikio la mtu mwingine lisingekishika: *trrr*. Ni sauti ambayo fundi cherehani huisikia hata usingizini, uzi unapoachia. Ikasikika nyingine kulia kwake, nyingine nyuma, kisha pande zote, mabega kwa mabega, kazi yake yote ya wiki nzima ikifumuka. Uchungu wa ufundi ukamshinda adabu. Akafumbua macho.

Watu wote walikuwa wamesimama wima.

Kila mmoja alikuwa amefumba macho kwa uaminifu kabisa, na kila mmoja alikuwa amenyosha mgongo wake mpaka mwisho, uso juu angani, akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Luhende alikuwa wima. Wazee wa Baraza walikuwa wima. Mama Mbuke alikuwa wima, khanga imemdondoka, machozi yanamshuka, mzuri ajabu. Na Bwana Lutonja, kumbe, alikuwa mrefu kuliko wote, mtu wa kuonekana toka kijiji cha pili, kanzu yake imeachia mabega yote mawili. Kila mmoja aliamini kwamba mwizi wa raha ile ni yeye peke yake. Mti ulikuwa katikati yao umewafikia kifuani, umetulia, una matunda, haumdai mtu kitu.

Nkwabi akainua macho kwenye ngazi. Mbuke alikuwa kidato cha juu, amesimama kwa urefu wake wote, ameona yote. Macho yao yakakutana. Akaweka kidole mdomoni, tabasamu la baba yake likamjaa uso, kisha, bila kushuka hata kidato kimoja, akasema kwa sauti ya wazi, “Nimeshuka.”

Neno lilikuja mapema kuliko desturi, na watu wakafumbua macho kabla hawajawahi kuinama.

Waliangaliana usoni, jambo ambalo wengi wao walikuwa hawajawahi kulifanya. Mume alimwona mke wake ana kovu kwenye paji la uso. Ndugu wawili waligundua kwamba wanafanana. Hakuna aliyethubutu kuinama, kwa sababu wa kwanza kuinama angekuwa amekiri kwamba alikuwa amesimama. Wote wakamgeukia Mkuu wa Urefu, na Mkuu wa Urefu, ambaye hakuwa na pa kujificha, alitazama chini kwenye Mti. Alitazama sana. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama kutoka juu.

“Wananchi,” alisema hatimaye, “Mti umeinama.”

Minong’ono ikapita. Lutonja akapata nguvu.

“Umeinama kwa heshima ya bibi harusi. Ni wema wa Mti, na si mara ya kwanza kututendea wema. Sasa, mtu akikuinamia nawe ukamwinamia, mtabaki hivyo hivyo mpaka jua lizame. Kwa hiyo, kwa adabu tu, sisi tutasimama. Mpaka hapo Mti utakapojiinua wenyewe.”

“Na fimbo, Mheshimiwa?” aliuliza mzee mmoja wa Baraza.

“Utampimaje mtu kwa mti ulioinama? Acha ushamba.”

Mbuke alichuma topetope, akashuka kwa kweli safari hii, akalipasua kwa vidole, nusu yake, nusu ya Luhende. Walikula mpaka juisi ikawafika viwikoni, wakatema mbegu. Kabla ngoma haijaanza tena watu walikuwa wamejisogeza, wakachuma yaliyobaki kwa mikono, na hakuna aliyeuliza ngazi iko wapi.

Kazi ikawa ya Nkwabi. Nchi nzima ilikuwa imevaa nguo zinazoburuzika nyuma na kuonyesha magoti mbele. Walipanga foleni barazani pa Mama Mbuke kuanzia asubuhi, na wa kwanza alikuwa Bwana Lutonja na kanzu mpya.

“Nyuma usikate,” alisema kwa sauti ya chini. “Kunja kitambaa kwa ndani, ushone kwa mkono, uzi mwepesi unaofumuka upesi.”

“Kwa nini, Mheshimiwa?”

“Mti ukijiinua je?”

Aliyemfuata alitaka hivyo hivyo, na wa baada yake. Wote walitembea wima, wakisalimiana kwa kutazamana, na wote walikuwa na shibiri mbili za mgongo zimekunjwa ndani ya pindo. Nkwabi hakuwacheka. Mtu aliyeinama miaka arobaini ana haki ya kuogopa kidogo. Ni Mbuke tu aliyelileta gauni lake akasema likatwe, marinda yote yaliyozidi, na vipande akamwachia fundi afungie cherehani yake ya safari.

Siku ya kuondoka, ya nne baada ya harusi, Mama Mbuke alitoka na kitambaa cha shati la kiume, cha buluu, kilichonuka sanduku kwa kukaa humo miaka mingi.

“Nishonee hili kabla hujaenda,” alisema. “Huko uendako, ng’ambo ya kijito, utakuta mtu mrefu sana. Mpe, umwambie binti yake ameolewa. Na umwambie arudi.”

“Vipimo vyake, mama?”

Mama Mbuke alikwenda mlangoni. Akasimama kwa ncha za vidole, akanyosha mkono, akagusa mwimo juu kabisa, mahali ambapo mtu mwingine asingeona alama yoyote.

“Alikuwa anafika hapa.”

Nkwabi akapanda kigoda, akapima. Akatandika kitambaa, akashika mkasi, kisha akasita, maana siku nne zile mkono ulikuwa umezoea.

“Nyuma niache akiba?”

Mama Mbuke aliutazama Mti. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, anatafuna.

“Kata sawasawa,” alisema. “Akipiga chafya, apige.”